Kwanza Itoe Nyama Mlangoni

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, nimesimama ndani ya bucha kule soko la Burma, mguu mmoja una patipati na mwingine uko wazi juu ya saruji baridi. Mzee mwenye macho ya ukungu alikuwa ameiinua patipati yangu ya kushoto chini ya taa nyekundu, mbele ya wateja, kama mtu anayeinua kombe. Akaniambia nipige picha. Nikapiga. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa herufi za kijani: NYAMA YA LEO.

Mwanangu, nitafika hapo. Wazee hatukimbizwi.

Najua unachosema moyoni. Unasema huyu Wafula ana miaka kumi na saba, bado anatumwa dukani na mamake, uzee ameutoa wapi? Nitakujibu. Kwanza, sisi wa Kidato cha Nne ni mabaki ya mfumo wa zamani wa masomo. Tumebaki vidato viwili tu shuleni, tunahesabika kama vifaru mbugani, na tukiondoka nyinyi wa Gredi ya Kumi mtarithi kila kitu pamoja na kile choo kisichofungika. Pili, katika mambo haya ya akili unde, kitu kikitoka Januari, kufikia Pasaka kishaitwa babu. Mimi niko kwenye klabu hii ya kompyuta tangu Kidato cha Kwanza. Kwa hesabu hiyo nimeshazikwa mara mbili na matanga yakaanuliwa. Kwa hivyo kaa chini, na utoe hicho kisikio cha simu ulichoficha ndani ya kofia ya sweta.

Naandika haya kwenye kaunta buku ya klabu kwa sababu nimechoka. Jana Brayo wa Gredi ya Kumi, kijana mzuri, mwenye bidii, asiye na breki, alinijia mara ya tatu wiki hii.

"Mzee Wafula, imetoka ingine."

"Ingine nini?"

"Modeli. Ya kuona picha. Wanasema hii tunatumia ishakufa."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani, Brayo?"

"Si watu tu, mzee. Wa mtandaoni."

"Maonyesho ni wiki mbili zijazo."

"Ndiyo maana nasema tubadilishe mapema."

Nilimwangalia mpaka akaanza kujikuna shingo. Sikumgombeza. Ningemgombezaje, na mbele yangu nilikuwa najiona mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma, ila mimi nilikuwa na kichwa kikubwa zaidi? Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walinijua kabla sijazaliwa. Basi sikiliza, ili ukivunjika guu uvunjike kwa kosa lako jipya, si kwa hili langu kuukuu.

Mwaka jana mwenyekiti wetu alikuwa Mueni, wakati huo yuko Kidato cha Nne, msichana wa Buruburu mwenye sauti ndogo na daftari kubwa. Babu yake, Mzee Nzioka, amekata nyama Burma tangu kabla baba yangu hajaandikwa kazi ya reli. Miaka ya hivi karibuni macho ya mzee yaliingia ukungu, na Mueni akapata wazo. Tuifunze simu kutazama nyama na kusema kama ni ya leo au ni iliyolala. Basi. Halikuwa wazo la kushangaza ulimwengu. Lilikuwa wazo la mtu anayempenda babu yake.

Shule yetu hupewa nafasi moja tu ya kompyuta kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti. Mueni alikuwa ameiomba mara mbili akanyimwa. Mara ya kwanza ilienda kwa wavulana fulani na roketi. Mara ya pili ilienda kwa roketi ile ile iliyopakwa rangi. Mara ya tatu Madam Naliaka, mwalimu mlezi wa klabu, akampa yeye, na kila mtu alijua hakuna mara ya nne, kwa sababu mwisho wa mwaka ni mtihani na kwaheri. Weka hilo kichwani, mwanangu. Mimi sikuliweka.

Tuligawana kazi. Mueni akusanye picha, mimi niandike programu. Tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, kila Jumamosi, alisimama buchani kwa babu yake akipiga picha ya nyama ya leo na nyama iliyolala, na kila picha akaiandikia mstari wake kwenye daftari. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ngazi za ploti yetu kule mtaa wa Pipeline, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mahali pekee ambapo waifai ya saluni ya chini hufika, na kufuata habari za utafiti.

Na nilifuata, usinidharau. Mama wa ghorofa ya nne alikuwa akishuka na ndoo ya nguo ananipita, akipanda ananipita, mpaka akanizoea kama chuma cha ngazi. Asubuhi nikiamka nauliza nini kimetoka. Nilijua majina ya modeli kuliko majina ya binamu zangu. Lakini hebu nikwambie siri ya makala za utafiti. Makala ina kichwa, ina muhtasari, ina kurasa nyingi za hesabu, halafu mwisho kabisa, mahali ambapo watu hawafiki, waandishi wanaungama: hapa haikufanya kazi, hili hatukulijaribu, hapa tusiaminiwe sana. Mimi nilikuwa naishia kwenye muhtasari. Muhtasari, mwanangu, ni kama picha ambayo mtu huweka kwenye simu yake ili aonekane. Hakuna aliyewahi kuweka ile ambayo amefumba jicho moja.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa ndogo na ya zamani, ya aina ambayo Madam alikuwa ametufundisha darasani. Ilijifunza kwa kipindi kimoja tu kwenye laptopu ya klabu. Tulipoijaribu kwa picha ambazo Mueni alikuwa ameziweka kando, ilipata karibu zote. Mueni akapiga makofi. Jioni hiyo akaijaribu nyumbani, juu ya meza ya jikoni, kwa nyama ambayo mamake alikuwa ametoka kuinunua. Programu ikasema imelala. Akaigeuza, akapiga tena. Imelala.

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini shuleni inapata na jikoni inakosa. Mimi niliposikia nilisema, "Modeli ni ya zamani. Nishaona mpya."

Tukabadilisha. Ya pili ilikuwa kubwa, ilichukua wikendi nzima kujifunza, na jikoni kwa kina Mueni ikasema imelala. Halafu nikasoma, yaani nikasoma kichwa, kwamba wakubwa sasa wanatumia kompyuta kupiga hesabu za jinsi joto linavyoingia ndani ya vitu na vijidudu vinavyozaana humo. Nikaacha picha kabisa. Kwa wiki tatu niliandika milinganyo ya joto ndani ya ng'ombe. Laptopu ya klabu ikapata moto kuliko ng'ombe mwenyewe, ikazimika, na mimi nikaona hiyo ni dalili ya kazi nzuri. Mueni aliniuliza ng'ombe wangu anaendeleaje. Nikamwambia yuko karibu. Hakuwa karibu na chochote. Nikarudi kwa picha nikiwa na modeli ya nne, mpya kabisa, ambayo muhtasari wake ulisema haibabaishwi na mwanga wa aina yoyote.

"Hiyo ya mwanga," Mueni akaniambia siku hiyo tukiwa maabara. "Nilitaka kukuuliza. Nyama za leo huwa napiga kule mbele zikiwa zimetundikwa. Zilizolala huwa zimetolewa, napiga kule nyuma mezani. Mwanga si mmoja. Haiwezi kuwa ndiyo shida?"

"Hilo lilishatatuliwa."

"Na nani?"

"Limeandikwa kwenye makala."

"Umeisoma?"

"Nimeipitia."

"Njoo Jumamosi uone buchani mwenyewe."

"Mueni, sayansi haifanyiwi buchani."

Ndiyo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Yeye akanipa daftari lake nikasome nyumbani, akisema mengine yote yameandikwa humo. Nikalichukua. Lilikaa kwangu mwezi mzima.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya maonyesho, Madam Naliaka akaingia maabara na kifurushi cha karatasi ya hudhurungi. Akakifungua mezani.

"Nimenunua leo saa moja asubuhi," akasema. "Huyu ng'ombe hata hajajua amekufa. Haya, tuonyesheni."

Mueni akapiga picha. ILIYOLALA. Akasogea, akapiga tena. ILIYOLALA. Madam akatoa kifurushi cha pili, kipande kilichokaa kwenye friji yake tangu Jumanne. ILIYOLALA.

"Angalau hiyo imepata," nikasema.

"Wafula, hata kasuku aliyefunzwa neno moja angepata hiyo." Akafunga vifurushi vyake polepole. "Jumatatu asubuhi nitaleta nyama tena. Ikikosea, nafasi naipa klabu ya ukulima waende na sungura wao. Mueni, pole. Siwezi kuwapeleka mkaaibike."

Mueni hakulia. Alichomoa waya wa simu, akauviringa vizuri, akaufunga kwa lastiki. Ningependelea alie. Tukiwa kwenye varanda akasimama.

"Hii ni modeli ya ngapi, Wafula?"

"Ya nne. Lakini jana imetoka ingine ambayo—"

"Usimalize."

"Nilikuwa tu nasema—"

"Nimesema usimalize. Kesho saa tatu, Burma. Na uje na daftari langu. Usipokuja, tukikutana usinisalimie."

Nikaenda. Nilikwenda na patipati kwa sababu viatu vyangu vya shule vilikuwa vimefuliwa vinangoja Jumatatu, na kusema kweli sikuwa na wasiwasi. Nilikwenda nikijua nitamweleza yule mzee sayansi, aelewe, amwambie mjukuu wake aniamini. Mwanangu, ukiona mtu anakwenda kwa fundi akiwa ameshika majibu mkononi, mwombee.

Mzee Nzioka alikuwa nyuma ya kaunta, mwembamba, koti jeupe limekunjwa mikono, anapasua mbavu bila kutazama kisu.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Njema. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ni mimi."

"Unaitwa?"

"Wafula."

"Ah. Basi wewe unamjua kuku. Ng'ombe utamjulia wapi?"

Nikacheka, maana kabila letu husemwa kwa kupenda kuku, naye hakucheka, nikaacha. Nikafungua laptopu juu ya kreti ya soda na kuanza kumweleza. Nilimweleza modeli ya kwanza, ya pili, milinganyo ya joto, ya nne, na ile mpya iliyotoka juzi. Yeye alikuwa anakata tu na kuitikia "enhe". Akaingia mama mmoja mwenye kikapu cha kiondo, akaomba kilo moja isiyo na mfupa mwingi. Mzee akakata, akapima, kisha akaichukua ile nyama mkononi, akazunguka kaunta, akaitoa mpaka mlangoni kwenye jua. Akaigeuza. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanusa. Mama naye akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Wakarudi ndani, akamfungia.

Nikaendelea na maelezo. Akaja mteja wa pili, ikawa vile vile, mpaka mlangoni na kurudi. Wa tatu vile vile. Nilikuwa nimesimama njiani, nawapisha huku nikiongea, nikidhani ni adabu tu za wazee kusindikizana na nyama.

"Mueni," mzee akasema hatimaye. "Huyu huongea hivi hata shuleni?"

"Hapo ndio anaanza, babu."

Akaweka kisu chini. "Kijana. Hiyo mashine yako ishawahi kutoka hapo mlangoni?"

"Kutoka kwenda wapi, mzee?"

Mzee alinyoosha kidole juu. Juu ya nyama zilizotundikwa kulikuwa na taa nyekundu, imewashwa mchana kweupe, nami nilikuwa nimesimama chini yake kwa saa nzima mikono yangu ikiwa myekundu kama ya muuaji.

"Kila bucha ina taa yake," akasema. "Chini ya hiyo, nyama yote ni bibi harusi. Mteja anayejua nyama haamini hapa. Anasema toa nje. Vua kiatu."

"Mzee?"

"Hicho cha kushoto. Vua."

Hapo ndipo nilipoanzia hadithi. Akaiinua patipati chini ya taa, mbali na nyama, nikapiga, simu ikaandika NYAMA YA LEO. Yule mama wa kiondo alikuwa hajaondoka.

"Mzee Nzioka," akasema, "nipimie nusu kilo ya hiyo, na usinitolee kisigino."

Bucha nzima ikacheka. Mpaka jirani akaja kuuliza ni nini, wakamwonyesha mguu wangu. Mzee akakata kipande cha nyama iliyoletwa alfajiri hiyo, akakipeleka kule nyuma, juu ya meza, chini ya taa ndefu nyeupe. "Piga." Nikapiga. ILIYOLALA.

Programu zetu zote za picha hazikuwa zimewahi kujifunza nyama. Zilijifunza taa. Nyekundu ni ya leo, nyeupe ni iliyolala. Kwa picha za Mueni zilipata, kwa sababu taa zilikuwa zile zile. Jikoni kwao hakuna taa nyekundu. Maabara yetu haina taa nyekundu. Ng'ombe wa Madam angekuja akitembea kwa miguu yake minne, bado angeambiwa amelala.

Mzee alinirudishia kiatu changu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mimi macho yangu yana ukungu," akasema. "Ndiyo maana kila nyama naipeleka mlangoni, niione kwa mwanga wa Mungu, na mahali jicho halifiki nitie kidole. Wewe macho yako ni mazima. Umeleta mashine nne, moja baada ya nyingine, na zote zimekuja kutazama taa moja. Ungeleta mia, kijana, zingetazama taa. Kitu hujakiona kwa macho yako wewe, utamwonyeshaje mwingine?"

Mueni alikuwa amefungua daftari. Akalisukuma juu ya kaunta, akaweka kidole. Mbele, nyekundu. Nyuma, nyeupe. Kila ukurasa, tangu wiki ya pili ya Septemba, na kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika pembeni: muulize W. kuhusu taa, na alama ya kuuliza. Lile daftari lilikuwa limekaa nyumbani kwangu mwezi mzima. Nilikuwa naliweka chini ya laptopu ili isipate joto. Jalada lake lilikuwa limepauka, lina alama nne za miguu ya laptopu.

Aliiona ile alama. Akapitisha kidole juu yake.

Siku hiyo na Jumapili baada ya kanisa tulibeba nyama. Kila kipande mpaka mlangoni, pale pale, upande ule ule wa kivuli, cha leo na kilicholala, mzee anatukatia na kutusimamia. Nilibeba mpaka nikanukia kama mbwa wa Burma mwenye furaha. Modeli ya nne nikaifuta. Tulirudi kwa ile ndogo ya kwanza ya Madam, iliyojifunza kwa kipindi kimoja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa nimeacha mbacha wangu kwa misala mitatu, na mmoja kati yao ulikuwa na ng'ombe anayechemka ndani. Mueni akasisitiza programu iruhusiwe jibu la tatu. Ikiwa haijui, iseme SINA HAKIKA, ITOE MLANGONI.

Jumatatu Madam alileta vipande vitatu. Viwili ikapata. Cha tatu ikasema haina hakika. Madam akakitazama kile kipande, akatazama simu.

"Sasa angalau ina adabu," akasema. Nafasi ikabaki yetu.

Ningependa kukuambia tulishinda. Wewe pia ungependa, ili ufunge daftari ukacheze mpira. Jaji aliyesimama kwenye meza yetu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, akauliza maswali mengi, akasoma ubao wetu wote mpaka ile sehemu ambayo Mueni alikuwa ameandika mahali ambapo programu inakosea. Kisha akasema, "Swali lenu ni zuri sana. Lakini picha zenu hizi ni za siku mbili. Na hapa mmeandika mlianza Septemba. Tangu Septemba mlikuwa wapi?"

Mimi nilitazama viatu vyangu, vilivyofuliwa vizuri.

"Tulikuwa tunasoma, Madam," Mueni akajibu.

Angeweza kunitaja. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, ningenyooshewa kidole kwa urahisi kuliko ile taa. Hakunitaja. Tukawa wa nne. Walioendelea mbele ni watatu.

Tulipokuwa tunakunja ubao, aliniambia neno moja tu, kwa ile sauti yake ndogo. "Ungekuja Burma Septemba, Wafula." Halafu akanipa upande wa ubao nibebe. Hatukulizungumza tena mpaka akamaliza shule. Siku aliyotoka alinikabidhi lile daftari, na kusema kweli lile daftari ni zito kuliko ng'ombe mzima.

Sasa, mwanangu, nisikize vizuri, maana Brayo ataenda kusema mzee amekataza kusoma. Sijakataza. Mimi bado nakaa kwenye zile ngazi, mama wa ghorofa ya nne bado ananiruka na ndoo. Utafiti haungoji mtu, na anayekaa mwaka mzima bila kuchungulia ataamka akipigia makofi kitu kilichozikwa. Lakini chagua makala moja, uisome mpaka kule nyuma wanakoungama. Ukifika huko, uliza picha zao zilipigwa wapi, maana nakuhakikishia hakuna aliyepiga Burma. Wanaposema haibabaishwi na mwanga, wana maana mwanga wao. Na ile ya zamani usiitupe. Iweke kando ya mpya, zote mbili zione kitu kimoja, siku moja, ndipo ujue kama umesonga mbele au umebadilisha shati tu. Na mtu akikuuliza swali la kijinga kuhusu taa, mwanangu, inuka uende ukaitazame hiyo taa. Aliyekuwa na daftari ndiye aliyekuwa mtafiti. Mimi nilikuwa shabiki.

Ndiyo sababu unaona patipati ya kushoto imetundikwa kwa msumari juu ya ubao wa maabara. Wageni hudhani ni ya mtu aliyefukuzwa. Hakuna modeli inayoingia kwenye mradi wa klabu hii kabla haijaonyeshwa patipati chini ya taa nyekundu. Brayo aliniambia jana hiyo yake mpya inaijua patipati, hata rangi inataja.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Na nyama iliyolala inaijua?"

"Bado sijajaribu."

"Itajaribiwa wapi?"

Akakuna shingo. "Mlangoni?" akasema.

Mungu akubariki, Brayo, na wote mtakaosoma haya baada yangu. Awape macho ya kuona taa mnayosimama chini yake, na mwenzenu mwenye daftari, na masikio ya kumsikia mapema, Septemba na si Machi. Awaepushe na muhtasari. Mzee Nzioka hufungua saa tatu Jumamosi, na mguu wa kushoto wa kila mgeni huwa anautazama kwanza.